Tupeane uzoefu: matokeo ya uchaguzi wa Marekani yalipotangazwa ulikuwa wapi na uliogopa nini, wewe usiye na kura?

MLETA MADA, TABATA

Habari zenu wakuu. Kila ukija uchaguzi wa Wamarekani tunabishana nani mbaya nani afadhali hadi watu wanatukanana, sasa leo naomba tusifanye hivyo, tuelezane tu yaliyotukuta sisi ambao hatupigi kura kule. Siku ile ulikuwa wapi, ulihofia nini, na je kilichokuja ndo kile ulichohofia au kilikuja kingine kabisa. Naanza mimi.

2016 sikuhofia chochote, nilikuwa dukani Gerezani tunauza vipuri, tivii iko ukutani, Jumatano tarehe 9 Novemba kama saa nne na nusu asubuhi wakatangaza Trump kashinda. Mteja mmoja akasema dunia imekwisha, mimi nikaendelea kumtafutia fani belti yake. Niliona ni mambo ya wakubwa huko.

Sasa Oktoba 2018 nikacheza bahati nasibu ya green card, kile kibali cha kuhamia Marekani, ile wanaita DV. Mei 2019 naingia onlaini kuangalia nakuta nimechaguliwa, nilirudia kuingiza ile namba kama mara tano siamini macho. Kwa asiyejua, viza zenyewe zilikuwa hazizidi 55,000 kwa mwaka kwa dunia nzima na walikuwa wanachagua watu wengi kuliko hizo viza, kwahiyo kuchaguliwa bado siyo kupata, unasubiri namba yako ya kesi ifikiwe ndo uitwe intavyuu. Yangu ilikuwa kubwa. Nikafuatilia cheti cha kuzaliwa RITA, nikatafuta cheti changu cha form four kilichokuwa kwa shangazi Dodoma, na kiwanja cha Chanika nilichokuwa nalipia kidogo kidogo nikaacha kulipia ili nitunze hela ya nauli na kuanzia maisha. Hapo kwenye kiwanja ndo pananiuma mpaka leo.

Ijumaa tarehe 31 Januari 2020 likatoka tangazo la kuongeza nchi sita kwenye yale makatazo ya kuingia Marekani na Tanzania tumo. Ila sisi na Sudan tulifungiwa DV peke yake, viza nyingine zote ziliendelea kama kawaida, kwahiyo ukimwambia mtu mtaani kwamba Marekani imefunga anakushangaa, jirani yetu alienda Texas mwezi wa tatu mwaka huohuo kumsalimia dada yake. Katazo lilianza tarehe 21 Februari na sikuwahi kuitwa intavyuu.

Uchaguzi wa 2020 sasa ndo nilikesha. Zile siku nne za kuhesabu nilikuwa najua kaunti za Georgia na Arizona kuliko kata za Ilala, bando lilikuwa linaisha nanunua lingine. Jumamosi tarehe 7 saa moja na nusu jioni wakatangaza Biden, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi nikalia. Mke wangu akadhani nimefurahi. Mwaka wa viza unaishia tarehe 30 Septemba na ukipita umepita, kwahiyo bahati yangu ilishakufa wiki tano nyuma, na mimi nilikuwa nakesha kusubiri watu wanihurumie kwa kitu ambacho hakipo tena. Tarehe 20 Januari 2021 lile katazo likafutwa siku ileile ya kuapishwa. Kiwanja alishapewa mtu mwingine na ameshapaua.

Karibuni.

BINTI WA NAKURU, MARYLAND

Pole sana kaka wa Tabata, hiyo ya kiwanja imenishika.

Yangu ni ya mum. Mimi nimetoka Nakuru, huku nafanya kazi kwa nyumba ya wazee. Januari 2008 fujo za baada ya uchaguzi zilipofika Nakuru tulitoka kwa nyumba na blanketi mbili na sufuria moja tukaenda kulala Afraha Stadium, nilikuwa kidato cha pili. Tangu hiyo siku mum ako na kipimo chake cha uchaguzi popote pale duniani: watu wakikataa hesabu, nunua unga.

Sasa 2020 kuanzia mwezi wa kumi alikuwa ananipigia kila Jumapili baada ya kanisa. Umeweka maji? Umenunua unga? Simu yako iko na chaji? Namwambia mum hii ni Marekani, hapa mahakama ziko, polisi wako, hakuna mtu atakuja kwa mlango. Ananyamaza alafu ananiambia hata sisi tulikuwa na hizo.

Tarehe 6 Januari 2021 nilikuwa kwa shifti, saa nane mchana hivi ya huku, kwenu ni saa nne usiku, nikiwa nalisha mzee mmoja wa miaka 90 na zaidi tunaona kwa tivii wafuasi wa Trump wanapanda kuta za bunge wanavunja madirisha. Yule mzee akaacha kula akanishika mkono. Simu yangu kufungua nakuta mum amepiga mara nane. Nikatoka kwa korido nikampigia, na kitu cha kwanza aliniuliza sitawahi kusahau, aliniuliza: "Huko wewe wanakuhesabu kabila gani?"

Sikujua nimjibu nini. Nilitaka kumwambia hapa hakuna kabila lakini nikakumbuka vile tumekuwa tukiangaliwa tukiingia kwa maduka mengine, nikanyamaza tu. Akaniambia basi usitoke, na kama unatoka usiongee Kiswahili kwa barabara.

Meya wa Washington aliweka kafyu kuanzia saa kumi na mbili jioni, wenzangu wawili wanaoishi huko wakaogopa safari wakalala kazini kwa viti. Mimi nikitoka asubuhi nilipitia duka la Waafrika nikanunua unga mifuko minne, na siko hata mtu wa ugali sana. Nikampigia mum nikamwonyesha kwa video. Ndio akaenda kulala, kwake ilikuwa imefika jioni na alikuwa hajalala tangu usiku ule.

MPWANI, KAISERSLAUTERN

Mimi nafanya kazi duka la mikate huku Ujerumani, karibu na kambi ya Ramstein, na kwa wasiojua huu mji umejaa Wamarekani, wanajeshi na familia zao makumi elfu. Julai 2020 wakatangaza kwamba wanajeshi kama 12,000 wataondolewa Ujerumani, bosi wetu mama mtu mzima akapiga hesabu zake pale kaunta mbele yetu, akasema wakiondoka hata theluthi moja tu wa mtaa huu basi wafanyakazi wawili hawana kazi, na mimi ndo nilikuwa wa mwisho kuajiriwa. Alipokuja Biden wakasitisha. 2024 nikajua tunarudi palepale. Na tarehe 6 Novemba ile, asubuhi tunasikia Trump ameshinda, jioni hatujapumua serikali ya Ujerumani nayo inavunjika, Kansela Scholz kamfukuza waziri wake wa fedha. Siku hiyo yule mama alikaanga vitumbua nilivyomfundisha mimi, akasema leo hawezi kugusa unga wa ngano.

MZEE WA BUBUBU, LONDON

Assalam alaykum wanangu. Mie yangu ya zamani kidogo, wengine mlikuwa skuli ya msingi.

Mwaka 2004 Bush anagombea mara ya pili na sisi hapa London tumeshatembea barabarani Februari 2003 kupinga vita vya Iraq, umati ambao mie sijauona tena tangu siku ile, na vita vikapiganwa vilevile. Basi watu walikuwa na uchungu. Mwezi wa Oktoba gazeti la Guardian likaja na wazo, kwamba wasomaji wake wawaandikie barua wapiga kura wa kaunti moja tu, Clark County, jimbo la Ohio, kwa sababu Ohio ndo ilitazamiwa kuamua. Unaomba, unapewa jina na anwani ya mtu ambaye hakujiandikisha na chama chochote. Maelfu waliomba na mie nikaomba.

Nikaandika kwa mkono, ukurasa mmoja na nusu, Kiingereza changu cha kusomea taa ya chemli. Nikamueleza kwamba mie ni Muislamu kutoka Zanzibar, kwamba mwanangu yuko Boston anasoma na kila nikienda kumuona natolewa kwenye foleni nawekwa pembeni masaa matatu manne, kwamba naogopa miaka minne mengine ya hivi. Nikaipeleka posta nikarudi nyumbani nimeridhika kabisa.

Siku chache gazeti likaanza kuchapisha majibu ya Wamarekani. Matusi. Kwamba mambo yetu hayawahusu, kwamba walipigana kujitoa kwa Muingereza ili wasiambiwe na Muingereza. Mtu wangu mie hakunijibu. Kura zilipohesabiwa, kaunti ile ambayo mwaka 2000 ilimpa Gore, mpinzani wa Bush, safari hii ikampa Bush, na Ohio yote ikaenda kwa Bush.

Nimeifikiria barua ile miaka ishirini. Ukurasa mmoja na nusu na sikumuuliza yule bwana hata suali moja. Hata kama ana watoto sikumuuliza. Nilimmiminia khofu yangu nikataka aibebe.

MGENI WA HUMU

Samahanini nauliza tu, hivi 2016 si walisema Clinton alipata kura nyingi? Alishindwaje? Maana mi ndo ilinichanganya mpaka leo.

MLETA MADA, TABATA

Ndiyo mkuu, alizidi kama kura milioni 2.9. Ila kule hawahesabu kichwa kwa kichwa nchi nzima, kila jimbo lina wajumbe wake, jumla 538, ukifikisha 270 umeshinda, na karibu kila jimbo anayeongoza hata kwa kidogo anabeba wajumbe wote. 2016 yule mama alizidiwa Michigan, Wisconsin na Pennsylvania kwa kura chache sana, zote tatu ukizijumlisha hazifiki hata laki moja. Ndo maana sisi wa nje tunakesha tunaangalia vijiji vya Pennsylvania wakati hatujawahi kufika.

MTOTO WA FIZI, DAYTON OHIO

Mzee wa Bububu shikamoo. Nimesoma ya kwako nikashtuka kwa sababu hiyo Clark County ni jirani yetu hapa, mji wake mkubwa ni Springfield, kutoka kwangu ni dakika kama 40 na gari. Nilifanya kazi ya ghala kule.

Mimi ni Mkongomani, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, nilifika huku 2017. Springfield wamekuja Wahaiti wengi miaka hii, tulikuwa nao pamoja kazini, watu wa kazi sana wale. Tarehe 10 Septemba 2024 usiku wa mdahalo Trump akasema ati Wahaiti wa Springfield wanakula mbwa na paka za watu. Viongozi wa mji wenyewe wakasema hakuna kitu kama hicho. Lakini vitisho vya mabomu vikaanza, ofisi za mji zikafungwa, mashule yakatolewa watoto. Sasa mtu ambaye ana hasira hawezi kujua huyu ni Mhaiti na huyu ni Mkongomani, ngozi ni ile ile. Mke wangu akakataa nisiende kazini, tulikaa wiki moja bila mshahara. Kanisani tukawa tunaweka mtu mlangoni wakati wa ibada.

Lakini hiyo ilipita. Woga wangu mkubwa ulikuwa wa dada yangu. Yeye alibakia Nyarugusu na watoto wanne, kesi yake ya kuletwa huku Marekani iliombwa tangu zamani, wamefanya intavyuu zote, wamepimwa afya, Desemba 2024 wanaambiwa wajitayarishe, safari ni Februari. Kule mtu akiambiwa safari anagawa vitu. Sufuria alimpa jirani, mbuzi aliuza, shamba lake dogo la muhogo akamwachia mwingine, watoto wakaaga shuleni. Mimi huku nikachukua apatimenti ya vyumba vitatu nikasaini mwaka mzima.

Tarehe 20 Januari 2025 ikawekwa sahihi ya kusimamisha kupokea wakimbizi, na safari zote zikafutwa, mpaka za watu waliokuwa na tiketi mkononi. Dada yangu alinipigia akaniuliza ni yeye amekosa nini kwenye karatasi. Nikamwambia hujakosa kitu. Akauliza tena, sasa ni wewe umekosa kitu huko? Hapo nilikosa maneno kabisa.

NESI WA NJOMBE

Nimesoma ya ndugu wa Dayton nikaweka simu chini kwanza.

Mimi nipo kituo kimoja cha afya huku Njombe, upande wa CTC, kliniki ya wanaotumia dawa za VVU. Novemba 2024 tulikuwa tunaongelea ule uchaguzi kama mpira, kuna daktari alikuwa anashabikia Harris kuna mhudumu anashabikia Trump, wanawekeana soda. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema jamani hizi dawa zinanunuliwa na nani. Na tulijua, kwenye kuta kuna mabango yamechapwa kabisa, msaada wa watu wa Marekani, mpango wao wa UKIMWI unaoitwa PEPFAR ulianza 2003 enzi za Bush yuleyule anayemuongelea mzee wa London. Nasema hivi kwasababu na hilo ni la kweli, kuna watu Njombe wapo hai wana wajukuu kwa ajili ya mpango ule.

Mwishoni mwa Januari 2025 misaada ikasimamishwa siku 90. Wenzetu waliokuwa wanalipwa kupitia mradi, wale watoa huduma ngazi ya jamii, wakaambiwa wakae nyumbani. Hao ndo wanaomfuata mteja kijijini akikosa apointimenti, wanajua nani anaficha kadi na nani mume hajui. Dawa kwenye stoo zilikuwepo, baadae na ruhusa ikatoka za kuokoa maisha ziendelee, lakini mteja anakuja na redio sikioni, huwezi kumtuliza kwa maneno ya ruhusa. Walikuja siku ambazo siyo zao. Mama mmoja alitembea kutoka mbali na mvua, akaniomba nimpe za miezi sita, nikamwambia mama utaratibu wako ni miezi mitatu, akaniambia "nisaidie, huyo aliyeshinda simjui na yeye hanijui".

Nikampa miezi mitatu. Alirudi Aprili dawa zipo nikamuona nikamkumbatia, ila kuna wengine wa Januari ile sijawaona tena na yule wa kuwafuata hayupo. Majina yao ninayo kwenye daftari.

MKRISTO WA HOUSTON

Naomba na mimi nisikilizwe bila kutukanwa. Nimezaliwa Arusha, nina uraia wa huku, na 2024 nilimpigia Trump. Mama yangu mzazi alinuna wiki mbili, kaka zangu wakaniandikia kwenye grupu la familia kwamba nimewauza. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kodi ya nyumba nalipa shilingi ngapi, au bei za vitu zilivyopanda 2022 nilikuwa naishije na watoto watatu na kazi mbili. Na mambo ya imani pia, mimi nina msimamo wangu kuhusu kutoa mimba na sijauficha popote. Kwahiyo ile hofu ya watu wa nyumbani mi niliipokea kama hukumu.

Ila niseme ukweli, ile ya dada wa Njombe sikuwa naijua hivyo. Na walipoanza kuongelea kodi ya hela zinazotumwa nje, mwanzo tukasikia asilimia 5, ikashuka, mwisho ikapitishwa asilimia 1 kwa wanaotuma keshi, niliogopa kuliko nilivyosema kwenye grupu. Mimi ndo namtumia mama hela ya dawa ya presha. Sasa natuma kwa kadi, kodi hainigusi. Na bado hatujaongea vizuri na kaka mkubwa.

MRUNDI, BUJUMBURA

Mimi ule uchaguzi wala sikuufuata, nilikuwa najisomea mitihani ya Kiingereza. Chuo cha Marekani kikanikubali, karatasi ya chuo nikaipata Mei 2025. Juni ikatoka orodha ya nchi zinazozuiwa kuingia Marekani, Burundi imo upande wa nchi zilizofungiwa kwa sehemu, na kwenye hiyo sehemu wanafunzi wamo. Ikaanza tarehe 9 Juni. Nilikuwa sijaogopa kitu kabisa, nafikiri ndo maana iliniangusha vile. Sasa naomba vyuo vya India, mwenye uzoefu anisaidie.

BINTI WA NAKURU, MARYLAND

Mrundi angalia inbox, binamu yangu amesoma Pune.

Na huyu wa Houston asante kwa kusema. Mum wangu pia hakuwahi kuniuliza huku naishije, anauliza tu kama niko na unga. Nimempigia leo baada ya kusoma hapa nikamwambia kodi ya nyumba nalipa pesa ngapi, akanyamaza sana alafu akaniuliza, kwani tangu lini.

MZEE WA BUBUBU, LONDON

Mwanangu wa Dayton, marahaba. Una habari gani ya dada yako? Na ile nyumba ya vyumba vitatu umeifanyaje?

MTOTO WA FIZI, DAYTON OHIO

Mzee, nyumba nimeimalizia mwaka wake, chumba kimoja alilala kijana Mhaiti wa Springfield aliyeogopa kukaa kule, alinilipa nusu. Viwili vilikaa na vitanda tu, nilikuwa nimeshanunua vya watoto. Sasa tumehamia padogo, vitanda viko kanisani.

Dada yuko kambini. Yule aliyepewa shamba la muhogo alimrudishia upande mmoja, upande mwingine alikuwa ameshapanda. Sufuria alirudishiwa siku ileile, jirani aliileta mwenyewe bila kuombwa. Binti yake mkubwa alikataa kurudi shule ile aliyoaga, aliona aibu, ilibidi mwalimu aje nyumbani kumchukua.

Wiki ijayo niko na kazi ya siku mbili Springfield. Kama ile anwani bado unayo kwenye karatasi zako, mzee, nitumie inbox, nitapita tu nje nione kama kuna mtu.

MZEE WA BUBUBU, LONDON

Jina nalikumbuka, nambari ya nyumba sina hakika. Nimepanda juu kutafuta daftari la mwaka ule.